Si Kila Kitu ni Figo

Kichupa cha choo kilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha, kimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, na jua la saa nne lilikuwa limeshakifikia. Mwenye nacho alikuwa ndani kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, mkono wa fistula (mshipa ulioandaliwa kwa sindano za mashine) umenyooshwa juu ya mto. Alikuwa amebakiza saa mbili kushuka.

"Mama, hiki ulikiweka saa ngapi?"

"Alfajiri mwanangu, kabla sijapanda gari la kutoka Kongwa. Niliambiwa nije na choo."

Kilifika maabara mchana. Majibu yakatoka kabla ya gari la kurudi: hakuna vimelea vilivyoonekana. Ndugu wakashukuru. Kuhara kukaendelea, na kuanzia hapo kila aliyeulizwa alisema ni mambo ya figo.

Kwa wiki kadhaa kichupa kile hakijanitoka akilini. Mgonjwa alifanya alivyoagizwa, na mtaalamu wa maabara aliandika alichokiona. Lakini amiba hai kwenye choo cha majimaji huanza kufa ndani ya nusu saa tu. Baada ya saa sita, tena juani, hata mwenye jicho zuri kwenye hadubini hawezi kuitambua.

Karatasi ile ilimwondolea mgonjwa haki ya kutafutiwa sababu.

## Je, ni mashine?

Ndilo swali la kwanza la familia nyingi: tumbo limeanza kusumbua baada ya kuanza kusafishwa damu, basi ugonjwa ametoa kwenye mashine. Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu wapo wanaokatisha vikao kwa hofu hiyo.

Kikao cha saa 4 hutumia takriban lita 120 za maji, maana mashine hupitisha mililita 500 kila dakika. Maji hayo hayatoki bombani moja kwa moja. Hupita kwenye chujio la mchanga, kisha kwenye resini inayoondoa ugumu (visima vyetu vya Dodoma vina chumvi ya kutosha kuichosha resini mapema), kisha kwenye mkaa unaonasa klorini, na mwisho kwenye utando wa RO, unaopitisha maji kwa shinikizo na kuacha uchafu nyuma. Kifuko (umbo lenye ganda ambalo kimelea husafiri nalo nje ya mwili) cha kriptosporidiamu, ambacho ni miongoni mwa vimelea vidogo kabisa vya tumboni, kina upana wa mikromita 4 hadi 6. Matundu ya utando wa RO hayafiki hata sehemu ya elfu moja ya mikromita moja. Na hata baada ya hapo, kati ya maji na damu kuna utando mwingine, ule wa figo bandia yenyewe.

Uzembe kwenye chumba cha mashine unaweza kuleta bakteria, sumu za bakteria, homa ya ini B au C. Hayo yanajulikana na yana taratibu zake. Minyoo na amiba haviji kwa njia hiyo.

Vinaingia kwa mdomo, na baadhi ya minyoo kwa ngozi ya mguu. Chanzo kiko nyumbani, njiani na zizini.

## Kiu

Hapa ndipo maisha ya mgonjwa wa mashine yanapoachana na ya watu wengine, na ndipo ushauri wa jumla wa usafi unapomwacha.

Mgonjwa ambaye mkojo umekwisha anaruhusiwa kwa kawaida kati ya nusu lita na lita moja ya vinywaji kwa siku nzima, uji na mchuzi vikihesabiwa humo. Sasa mfikirie Dodoma mwezi wa kumi, vumbi na joto. Anaambiwa amumunye barafu ili kiu itulie bila maji mengi kuingia. Ni ushauri mzuri. Lakini barafu hiyo imetengenezwa na maji gani?

Mara nyingi ni maji ya dumu. Mgao ulikuwa wa jana, maji yakajazwa kwenye tangi au pipa, mengine yakanunuliwa kwa mkokoteni, watoto wakachota kwa kikombe kilekile wanachonywea. Mama wa nyumba anachemsha maji ya kunywa ya jagi, anasahau trei ya barafu kwa sababu akilini mwake barafu si maji ya kunywa. Na friji la nyumbani usilitegemee kuua vimelea. Kuganda huvipunguza, hakuvimalizi.

Maji ya barafu yachemshwe kama ya kunywa. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, yaache dakika 1 kamili. Muda wa dakika 3 ni wa sehemu zilizo juu ya mita 2,000, na Dodoma tuko kwenye mita 1,100 hivi, kwa hiyo mkaa usiteketee bure. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yamiminwe kwenye trei iliyooshwa kwa sabuni, na trei ifunikwe. Pima trei yako mara moja kwa kikombe cha dawa ujue kipande kimoja kina mililita ngapi, kisha vihesabu kwenye mgao wa siku.

Dawa ya maji ya klorini inaua bakteria wa kipindupindu vizuri, na iendelee kutumika. Kwa kriptosporidiamu haitoshi. Kwa klorini ya miligramu 1 kwa lita, kiwango cha maji ya kunywa, kimelea hicho huhitaji zaidi ya siku 10 kufa. Vivyo hivyo jeli ya kusafishia mikono: haikiui. Sabuni na maji yanayotiririka hukiondoa mkononi, hata kama maji hayo ni ya kopo lenye tundu lililoning'inizwa mlangoni.

## Chakula, njia na zizi

Kuna bahati moja kwenye chakula cha mgonjwa wa figo. Mboga za majani anaelekezwa azikate, azichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga, ili potasiamu ipungue. Agizo hilohilo linaua mayai ya minyoo na vifuko vya amiba na giadia, kimelea kingine cha kuhara. Mchicha au matembele yaliyopikwa hivyo ni salama kwa pande zote mbili. Mlenda ni habari nyingine: hauna maji ya kumwaga na mara nyingi una magadi, hivyo kwa potasiamu na sodiamu una shida yake, lakini kwa vimelea hauna tatizo kwa kuwa umetokota.

Kinachobaki ni kachumbari.

Nyanya na vitunguu vilivyokatwa asubuhi kwa mama ntilie, kwenye beseni ambalo maji yake yamebadilishwa mara moja, vikaliwa na mtu aliyetoka Mpwapwa au Manyoni gizani bila kula ili awahi zamu ya mashine. Safari yenyewe ni kihatarishi, na sijaona fomu ya mgonjwa inayoiuliza. Anayesafishwa mara mbili au tatu kwa wiki anakula barabarani zaidi ya mtu yeyote wa nyumbani kwake. Abebe chakula chake. Akishindwa, ale kinachotoka motoni wakati anakiangalia: ugali wa moto, yai la kuchemsha, nyama ya kuchemka. Kachumbari aiache, na nyanya zina potasiamu isiyomfaa vilevile.

Zabibu za Dodoma hazimenyeki. Zisuguliwe moja moja chini ya maji yaliyochemshwa yakimiminwa, ziliwe chache. Kuziloweka kwenye maji ya chumvi au siki hakuui vifuko vya kriptosporidiamu, ingawa wengi hufanya hivyo na kuamini wamemaliza. Nyama choma ya mnada wa Msalato ina utamu wake, ila kipande chenye wekundu katikati kinaweza kubeba tegu au kimelea kiitwacho toksoplasma. Mgonjwa achaguliwe vipande vyembamba vilivyoiva mpaka ndani.

Kisha zizi. Huku kwetu ndama na watoto wa mbuzi hulazwa karibu na watu, na katika nyumba nyingine ndani kabisa, kwa sababu ya baridi na fisi. Ndama mchanga, hasa wa umri chini ya mwezi mmoja, akihara, choo chake kinaweza kuwa na mamilioni ya vifuko vya kriptosporidiamu, na vichache tu vinatosha kumwambukiza mtu. Kumtenga mgonjwa na mifugo yake ni kumtenga na maisha yake, na sidhani kama kuna haja hiyo. Ila asifagie zizi, asimnyweshe ndama anayehara, na aliyefanya kazi hiyo anawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au trei ya barafu. Kwa safura, mnyoo unaonyonya damu utumboni, viatu. Buu wake hupenya kwenye ngozi ya mguu, na hustawi udongo ukiwa na unyevu, yaani kati ya Desemba na Aprili, au mwaka mzima kwenye bustani za kumwagilia.

## Kwa nini yeye, si ndugu yake?

Watu wa nyumba moja wanakunywa maji yaleyale, mmoja tu anaugua kwa wiki nyingi. Sumu zinazobaki kwenye damu huzidhoofisha seli nyeupe: hufika mahali pa vita zikiwa zimechoka, na zile zinazoratibu kinga hupungua. Kila kikao humpotezea mgonjwa gramu kadhaa za amino asidi, zile zinazojenga protini, wakati mwili unahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayesafishwa mara mbili badala ya tatu kwa sababu ya gharama anakaa na sumu muda mrefu zaidi, hamu ya kula inakufa, protini inashuka tena. Kisukari kikiwa ndicho kilicholeta ugonjwa wa figo, kina mchango wake. Vidonge vya kupunguza asidi tumboni, ambavyo wengi huvitumia miaka na miaka, hushusha ulinzi wa kwanza ambao vimelea hukutana nao.

Tafiti za Uturuki, Iran, Brazili na Misri zimekuta kwa nyakati tofauti vimelea vya tumboni, hasa kriptosporidiamu na blastosisti, kwa wagonjwa wa mashine zaidi ya watu wenye afya waliolinganishwa nao. Viwango vinatofautiana sana, na siwezi kuchukua namba ya Isfahan nikaibandika Dodoma.

## Dalili zinazojificha

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mtu wa kawaida akiwa na minyoo, mwili unatoa ishara: anawashwa, anachoka, anapungukiwa damu, na seli za eosinofili zinapanda kwenye kipimo cha damu. Mgonjwa wa mashine anawashwa kwa sababu ya fosfati. Anachoka kwa sababu ya kila kitu. Damu iko chini kwa sababu figo hazitengenezi tena homoni ya kuiongeza. Na eosinofili? Zinaweza kupanda kwa sababu tu damu inagusa utando na mipira ya mashine. Kila ishara ya kimelea imeshapata maelezo mengine kabla haijasomwa.

Chukua upungufu wa damu. Mnyoo mmoja wa safura wa aina ya Necator hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno. Lakini minyoo 200 hufikisha mililita 6 kwa siku, karibu mililita 180 kwa mwezi. Katika miezi miwili na nusu mgonjwa amepoteza chupa nzima ya damu. Ile aina nyingine, Ancylostoma duodenale, hunyonya mara tano zaidi au hata kupita hapo.

Huku nje familia inanunua sindano za kuongeza damu kwa shida, dozi inapandishwa, damu haipandi. Anaongezewa damu. Na kila chupa anayoongezewa inaweza kuujengea mwili wake antibodi zitakazofanya iwe vigumu siku moja kumpata ndugu wa kumtolea figo anayeendana naye. Yote hayo yanaweza kuwa yamesababishwa na mnyoo ambao kidonge cha albendazoli cha miligramu 400 kingeupunguza.

Sisemi kila damu isiyopanda ni safura. Upungufu wa madini chuma, uvimbe wa ndani, dozi ndogo, vikao vichache, vyote vinakuja kwanza. Ninachosema ni kwamba kipimo cha choo kiwe kwenye orodha hiyo tangu mwanzo, kabla ya chupa ya tatu ya damu.

Vivyo hivyo muwasho. Ule wa figo huenea mgongoni na mikononi na hauna njia. Mstari mwekundu ulioinuka, unaowasha makalioni, mapajani au kiunoni na kusogea sentimita kadhaa ndani ya saa moja, ni buu wa strongiloidesi, mnyoo mdogo wa utumboni, anayetembea chini ya ngozi. Utapotea kabla ya kliniki, kwa hiyo upigwe picha kwa simu ukiwa bado upo.

## Choo kipimwe vipi

Siku ya mashine si siku nzuri ya kupeleka choo, isipokuwa kiwe kimepatikana hospitalini na kipelekwe kabla mgonjwa hajaunganishwa. Choo cha majimaji kisomwe ndani ya nusu saa. Kilaini, ndani ya saa moja. Kigumu kinaweza kusubiri mpaka kesho yake kikiwa kwenye ubaridi. Anayekuja kutoka mbali aombe kichupa chenye dawa ya kuhifadhi kama maabara inayo, au ndugu mwenye nyumba mjini amkaribishe usiku mmoja. Kichupa kiwe kikavu, choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kinatosha, na penye kamasi au damu ndipo pachotwe.

Vikusanywe vitatu, kila kimoja siku yake, ndani ya siku kama 10. Vimelea havitoki kila siku, na giadia inajulikana kwa kukatiza.

Halafu fomu. Ikiandikwa "choo" peke yake, kitafanyika kipimo cha kawaida cha tone la chumvi na ayodini. Kipimo hicho hakimwoni kriptosporidiamu, maana anahitaji rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, rangi ya ukoo uleule wa makohozi ya TB, ambayo maabara nyingi wanayo tayari. Ila hawataitumia bila kuombwa. Strongiloidesi hutoa mabuu wachache mno. Anahitaji mbinu ya Baermann, ambapo choo huwekwa juu ya maji ya uvuguvugu ili mabuu washuke wenyewe, au kuoteshwa kwenye agari, jeli ya maabara. Kwa mayai machache, kuna kukusanya kwa formalini na etha. Daktari aandike anachotafuta, na aandike wazi kwamba mgonjwa yuko kwenye mashine.

Sasa upande wa pili, ambao kwa muda mrefu niliuona mdogo kuliko ulivyo.

Kikionekana kitu, je, ndicho kinachomuumiza? Entamoeba coli, aina nyingine ya amiba, si ugonjwa. Kifuko cha amiba ya hatari na cha ndugu yake asiye na madhara, Entamoeba dispar, havitofautishwi kwa hadubini. Amiba inayoonekana imemeza seli nyekundu za damu ndiyo yenye ushahidi wa nguvu. Blastosisti hukutwa kwa watu wengi wasio na dalili yoyote, na wataalamu bado wanabishana juu yake. Jibu linaloandika "amiba imeonekana" hupelekea dozi ya metronidazoli, kisha nyingine mwezi ujao, kisha duka la dawa linaendelea lenyewe. Mabaki ya dawa hiyo hurundikana kwa asiye na figo, na matumizi ya muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, miguu ambayo kwa mgonjwa wa kisukari tayari inakufa ganzi.

Kwa hiyo kukosea kuko pande zote mbili. Msimamo wangu ni huu: anayehara zaidi ya wiki mbili, au anayepungua mwili, atafutiwe kimelea kwa nguvu zote na atibiwe hata blastosisti kama hakuna kingine kilichopatikana. Asiye na dalili, aliyekutwa na kifuko kisichojulikana vizuri, asikimbiziwe dawa.

## Uzito mkavu ukidanganya

Kuhara kunavuruga hesabu ya mashine, na mvurugo wenyewe una sura mbili zinazopingana.

Chukua mtu ambaye uzito wake mkavu, yaani uzito maji ya ziada yakishatolewa, ni kilo 60 na kwa kawaida huja na kilo 62.5. Ameharisha siku tatu, leo amepima 60.5. Akitolewa lita 2 na nusu kwa mazoea, shinikizo la damu linaanguka, misuli inakaza, na fistula inaweza kuziba kwa damu kuganda. Mwambie muuguzi umeharisha kabla hujapanda kwenye mizani, usisubiri uulizwe.

Sura ya pili ni ya polepole na ninaiogopa zaidi. Kimelea kimekaa miezi miwili, mwili umepungua kilo 2 za nyama. Kwenye faili uzito mkavu bado ni 60. Anakuja na 62, anatolewa lita 2, anaambiwa uko vizuri. Lakini uzito wake wa kweli sasa ni 58. Zile kilo 2 ni maji yaliyobaki, na usiku anashindwa kulala chali, shinikizo linapanda, anaongezewa vidonge vya presha. Suruali inayolegea wakati mizani haibadiliki ni dalili ya kupeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Na ORS, ile chumvichumvi ya kuhara? Pakiti moja kwenye lita moja ina sodiamu na potasiamu (milimoli 20 kwa lita). Kwa mtu mwingine ni uhai. Kwa asiye na mkojo, anywe kidogo kidogo kufidia kilichotoka tu, akiwa ameongea na kituo chake, kwa sababu lita mbili alizoshauriwa na jirani mwenye nia njema zinaweza kumjaza maji na kumpandishia potasiamu. Glasi za mwarobaini na mbegu za papai nazo ni vinywaji vya kuhesabu, na potasiamu yake haijapimwa na mtu.

## Dawa na ratiba ya mashine

Kanuni ni kujua dawa gani inafuliwa na mashine. Metronidazoli inatolewa kwa wingi, hivyo siku ya kikao dozi inywewe baada ya kushuka. Tinidazoli pia hutoka: ikiwa imenywewa siku hiyo kabla ya mashine, huongezwa nusu ya dozi baadaye. Albendazoli, ivamektini na prazikwanteli, dawa za minyoo na kichocho, hushughulikiwa na ini, hazihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo. Amiba ikithibitishwa, metronidazoli peke yake huua iliyo kwenye nyama ya utumbo na kuacha vifuko, kwa hiyo ifuatiwe na dawa ya ndani ya utumbo kama diloksanidi, la sivyo ugonjwa hurudi na watu watasema dawa imeshindwa.

Na kidonge cha minyoo cha kila miezi michache? Kinywewe, hakina ubaya. Kinasaidia kwa safura na minyoo mviringo. Kriptosporidiamu hakiguswi nacho, amiba pia, na strongiloidesi hutikiswa tu.

## Kabla ya figo mpya

Upandikizaji wa figo ulianza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kwa hiyo jambo hili si la kinadharia kwa mgonjwa wa Kanda ya Kati.

Strongiloidesi ana tabia ambayo minyoo mingi ya tumboni haina: huzaa na kumwambukiza tena mtu yuleyule kutoka ndani, kwa miongo, bila dalili. Mtu aliyetembea peku shambani utotoni anaweza kuwa naye akiwa na miaka 50. Siku anapoanza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga ili kulinda figo mpya, kinga inashuka, mabuu wanaongezeka kwa wingi na kutawanyika kwenye mapafu na hata ubongo, wakibeba bakteria wa utumbo. Wengi hufa. Dozi ya kuzuia ni ivamektini mikrogramu 200 kwa kilo, yaani miligramu 12 kwa mtu wa kilo 60, kwa siku moja au mbili, na kawaida hurudiwa baada ya wiki mbili. Kipimo cha choo kilichosema hapana mara moja kisitumike kumnyima mgonjwa dozi hiyo.

Kichocho cha mkojo kina mtego wake. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, mji huu una watu waliokulia Shinyanga, Simiyu na Mwanza, waliooga mabwawani wakiwa watoto. Kipimo chake ni mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mililita 10 zichujwe na mayai yatafutwe. Mgonjwa asiyetoa mkojo hana cha kuchuja. Yeye aangaliwe kwa ultrasaundi: ukuta wa kibofu ulionenepa, mirija ya mkojo iliyopanuka. Kichocho chenyewe kinaweza kuwa ndicho kilichoziba mirija na kuziua figo, na figo mpya itaunganishwa kwenye kibofu hichohicho. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kilo, vidonge 4 vya miligramu 600 kwa mtu wa kilo 60.

Mtoaji naye apimwe vitu hivihivi. Kwa kawaida ni dada au kaka aliyekua kwenye ua uleule, akacheza kwenye udongo uleule, na strongiloidesi ameshawahi kupita kwa mpokeaji ndani ya kiungo kilichotolewa. Ivamektini ya mtoaji ipangwe mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya upasuaji, ili dozi ya pili nayo iwe imeshapita.